Semina Haimtembezi Mgonjwa

Tuanze na hesabu, maana mijadala mingi kuhusu utengamao, yaani huduma za kumrudishia mtu uwezo wa kufanya shughuli zake baada ya ugonjwa au ajali, huikwepa. Shirika la Afya Duniani (WHO) limeeleza kwa miaka kadhaa sasa kwamba katika baadhi ya nchi za kipato cha chini na cha kati, wataalamu wa utengamao hawafiki 10 kwa kila watu milioni 1. Ni mtaalamu 1 kwa watu 100,000, tena fani zote zikiwa zimejumlishwa: fiziotherapia, tiba kazi (ya kumwezesha mtu kufanya shughuli za kila siku), matamshi na lugha, usikivu, viungo bandia. Wakati huohuo, makadirio yaliyochapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2020 yalionyesha kuwa mwaka 2019 watu bilioni 2.41 duniani walikuwa na hali ya kiafya ambayo ingepata nafuu kwa utengamao. Hao ni karibu mtu 1 kati ya kila 3.

Katika watu 100,000, basi, kuna kama 31,000 wa namna hiyo. Tusiwe wakali. Tuseme ni sehemu ya kumi tu wanaohitaji kuonwa mwaka huu, yaani 3,100. Mtaalamu wetu mmoja akihudumia wagonjwa 12 kwa siku, siku 220 kwa mwaka, anapata mahudhurio 2,640. Mgonjwa mmoja akihitaji mahudhurio 6 kwa wastani, mtaalamu huyo anamaliza watu 440. Mwongezee wenzake watatu wa kiwango chake, watafika 1,760, zaidi kidogo ya nusu ya uhitaji ambao tayari tumeupunguza kwa makusudi. Hakuna chuo kitakachoziba pengo hilo kwa miaka mitano au kumi ijayo kwa kuzalisha wataalamu pekee.

Hapo ndipo wapangaji wengi wanapokimbilia jibu la pili, ambalo ndilo lililotufanya tuandike makala hii: wafundisheni wauguzi na wahudumu wa afya ngazi ya jamii kwa semina ya siku tano, wapeni vitabu vya picha, kisha wafundishe familia. Linaonekana jibu la busara na ni la bei nafuu. Kwa kiasi kikubwa, ni jibu lisilofanya kazi, na ushahidi upo.

Jaribio la ATTEND lilifanyika India na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2017. Liliandikisha wagonjwa 1,250 wa kiharusi katika hospitali 14. Kundi moja lilipata huduma ya kawaida. Kundi jingine lilipata huduma hiyo na zaidi: ndugu wa mgonjwa alifundishwa, kuanzia wodini, namna ya kumsaidia, kupanga naye malengo na kumfanyisha mazoezi ya shughuli halisi, kisha akaendelea nyumbani hadi miezi 2. Baada ya miezi 6, waliokuwa wamefariki au kubaki tegemezi walikuwa asilimia 47 katika kundi la kwanza na asilimia 47 katika kundi la pili. Watafiti wenyewe walihitimisha kwamba matokeo hayo hayaungi mkono kuwekeza katika huduma mpya za kuihamishia familia kazi ya utengamao wa kiharusi, wakapendekeza kuchunguzwa njia ya wasaidizi wa afya na timu za jamii.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kwa anayepanga bajeti ofisini, familia ni nguvu kazi ya bure. Kwa familia yenyewe, huyo anayefundishwa ndiye anayelisha, anayeosha, anayetafuta riziki, naye hana wa kumuuliza siku zoezi linapoleta maumivu. Jaribio hilo halikuonyesha kwamba ndugu hafai kitu. Lilionyesha kwamba kumwongezea mafunzo peke yake hakubadilishi hatima ya mgonjwa.

Kosa letu, tunavyoona, ni kugawa kazi kwa majina ya magonjwa. Kiharusi kwa mtaalamu, maumivu ya mgongo kwa muuguzi, mtindio wa ubongo kwa mhudumu wa jamii. Hata mwongozo wa afua za utengamao ambao WHO iliutoa mwaka 2023 umepangwa kwa hali 20 za kiafya. Kwa kukadiria idadi ya watu, vifaa na saa za kazi, mpangilio huo ni mzuri sana. Kwa kuamua nani afanye nini katika kituo cha afya chenye watumishi wachache, unapotosha, kwa sababu ndani ya kila ugonjwa kuna kazi nyepesi na kazi ngumu. Mgawanyo unaofaa ni wa uamuzi na utendaji. Nani anapima? Nani anaweka lengo na dozi, yaani kiasi cha mazoezi? Nani anatekeleza? Nani ana mamlaka ya kusema simamisha?

Chukua fimbo ya kutembelea, kifaa rahisi kuliko vyote. Inashikwa kwa mkono ulio upande wa pili wa mguu mbovu. Urefu wake unapimwa mtu akiwa amesimama na viatu alivyozoea, mkono ukining'inia. Kichwa cha fimbo kiishie kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono, ili akiishika kiwiko kikunjike kidogo, nyuzi 20 hadi 30. Ikiwa ndefu, bega linapanda na mgongo unapinda. Ikiwa fupi, anainama. Mpira wa chini ukilika hadi mistari yake ikafutika, fimbo yenyewe inakuwa sababu ya kuanguka. Magongo ya kwapani yaishie vidole viwili au vitatu chini ya kwapa, na uzito ubebwe na viganja. Anayeyaegemea kwa kwapa anabana neva, na baada ya muda mkono unalegea kwenye kifundo. Yote haya mhudumu wa ngazi ya msingi anaweza kuyafanya vizuri akifundishwa kwa vitendo na kusahihishwa mara chache. Asichoweza ni kujibu swali lililotangulia: kwa nini mtu huyu anayumba? Goti limelika, au kisukari kimekula hisia za nyayo, au kuna udhaifu mpya wa mguu unaotaka rufaa leo? Fimbo sahihi aliyopewa mtu ambaye hakupimwa inaweza kuficha ugonjwa kwa miezi.

Vivyo hivyo kwa kiharusi. Kumwinua mgonjwa bila kumvuta mkono uliopooza ni utendaji. Kila mtu anayemgusa lazima aujue, kwa sababu bega lisilo na misuli ya kulishika linaharibika kwa mivuto michache tu, na maumivu yake yatazuia mazoezi mengine yote. Mshike kiunoni au nyuma ya bega. Miguu irudi nyuma ya magoti, aegemee mbele kabla ya kunyanyuka, kiti cha juu kwanza, cha chini baadaye. Zoezi la kuinuka na kukaa, tuseme mara 10 katika awamu 3 kwa siku, msaidizi analisimamia vizuri kabisa. Lakini hizo mara 10 zimetoka wapi? Hiyo ni dozi, na dozi ina madhara yake. Jaribio la AVERT, lililochapishwa mwaka 2015 likiwa na wagonjwa zaidi ya 2,000, lilionyesha kuwa kumwamsha mgonjwa wa kiharusi ndani ya saa 24 za mwanzo kwa wingi na kwa nguvu zaidi ya kawaida kulipunguza uwezekano wa kupona vizuri baada ya miezi 3. Mengi zaidi na mapema zaidi hayakuwa bora zaidi. Anayepanga dozi anapaswa kujua hilo; anayeitekeleza anapaswa kujua dalili za kusimama: maumivu ya kifua, kizunguzungu, pumzi kukatika, udhaifu mpya, kichwa kuuma ghafla. Na kila anayemlisha ajue kwamba kikohozi au sauti ya majimaji baada ya kumeza si jambo la kuvumilia. Asilishwe akiwa amelala, na mtaalamu wa matatizo ya kumeza aitwe.

Kuna mahali mgawanyo huu umefanya kazi, napo ni katika nyayo za kifundo kwa watoto, yaani miguu iliyopinda kwa ndani tangu kuzaliwa. Njia ya kuitibu, inayoitwa Ponseti, imegawika vizuri: mguu unanyooshwa kwa mikono na kufungwa plasta, lile hogo, kila wiki, mara 4 hadi 6 kwa kawaida, watoto wengi hukatwa kano ya kisigino kwa ganzi ya sehemu, plasta ya mwisho inakaa wiki 3, halafu viatu vilivyounganishwa kwa kipande cha katikati, saa 23 kwa siku kwa miezi 3, kisha usiku na wakati wa kulala mchana hadi mtoto afike miaka 4 au 5. Watumishi wasio madaktari bingwa wameifanya katika nchi kadhaa kwa matokeo mazuri. Sababu zake ni za wazi: kazi ina mipaka, ina kipimo cha alama kuanzia 0 hadi 6 kinachoonyesha kila wiki kama mguu unanyooka, na aliyekwama anajua amekwama. Inapoharibika, mara nyingi haiharibikii kwenye plasta. Inaharibikia kwenye viatu. Mtoto amekua, kiatu kimebana, mzazi amekivua, hakuna aliyepiga simu, mguu umepinda tena. Mipango inalipia wiki 6 za plasta na kusahau miaka 4 ya kufuatilia, ilhali ufuatiliaji huo ndio kazi halisi ya ngazi ya msingi.

Kiti mwendo kina kasoro hiyohiyo. Mafunzo ya msingi ya WHO ya kutoa viti mwendo yanachukua saa 40, na yanamtosha mtumishi makini kuhudumia watu wanaoweza kukaa wima bila vishikizo vya ziada. Upana wa kiti ufuate nyonga za mtumiaji. Kikiwa kipana mno anakaa upande, mikono haifikii magurudumu vizuri, uti wa mgongo unapinda. Mtu asiye na hisia makalioni hapewi kiti bila mto wa kupunguza mgandamizo, anafundishwa kujiinua au kuegemea kando kila dakika 15 hadi 30, na ngozi yake inakaguliwa kila siku. Wekundu usioondoka ndani ya nusu saa baada ya kuinuka ni onyo. Hakai tena mpaka uondoke na mto uangaliwe upya. Kidonda kimoja cha mgandamizo kinaweza kumweka mtu kitandani kwa miezi na kikamuua kwa maambukizi. Viti vinavyogawiwa uwanjani mbele ya kamera, saizi moja kwa wote, vinatengeneza vidonda hivyo. Tungependa wafadhili wapige picha ya pili baada ya miezi sita.

Kwa hiyo mtaalamu anahitajika chini, katika ngazi ya msingi, na si kusubiriwa katika hospitali ya rufaa. Turudi kwenye hesabu. Mpe siku 4 za kuona wagonjwa na siku 1 ya kusimamia. Siku zake za tiba zinakuwa 176, mahudhurio 2,112. Yeye amwone kila mgonjwa mara 2 kati ya zile 6: siku ya kupima na kupanga, na siku ya kupima tena. Watu wanakuwa 1,056. Mahudhurio 4 yaliyobaki kwa kila mmoja ni 4,224, kazi inayowatosha wasaidizi 2 wa utengamao walioajiriwa kwa muda wote. Watu watatu, wagonjwa 1,056. Wataalamu watatu wangefikisha 1,320, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba kugawana kazi ni miujiza ya tija. Faida yake ni kwamba wasaidizi wanapatikana sasa, mafunzo yao ni ya miezi na si ya miaka, na mara nyingi wanatoka palepale wanapofanyia kazi, hivyo hawaondoki upesi. Waliobaki kati ya wale 3,100, wengi wao ni wa mgongo na magoti. Hao tabibu au muuguzi wa zamu anaweza kuwashughulikia kwa mahudhurio 1 au 2 akijua dalili za hatari: ganzi sehemu za siri, mkojo kuziba, mguu kuzidi kulegea, homa na kukonda, historia ya saratani, ajali kubwa. Asipoziona, ushauri ni kuendelea na shughuli kadiri inavyowezekana, mazoezi, na kutomlaza mtu kitandani. Picha ya eksirei haihitajiki, hata kama mgonjwa anaidai.

Siku ile moja ya usimamizi ndiyo hukatwa kwanza bajeti inapopungua, na ikikatwa mfumo mzima unarudi kuwa semina. Ina mambo ya kufanya. Mtaalamu anamtazama msaidizi akimhudumia mgonjwa, bila kuingilia mpaka mwisho. Wanapitia kwa pamoja majalada ya wasiopata nafuu kwa wiki 3. Wanakubaliana nani apewe rufaa. Simu inasaidia kati ya ziara na ziara, hasa video fupi ya mgonjwa anavyotembea, ila haichukui nafasi ya mkono unaogusa kiungo kilichokakamaa ili kujua kama kimezuiwa na misuli au na mfupa.

Tatizo la kisera ni ikama, yaani idadi ya nafasi za kazi zilizoidhinishwa. Kuna nchi ambako wahitimu wa fiziotherapia wanakaa nyumbani bila kazi huku takwimu zikitangaza uhaba. Uhaba huo unahesabiwa kwa uhitaji wa watu, lakini ajira inahesabiwa kwa nafasi zilizoandikwa katika muundo wa utumishi, na muundo wa kituo cha afya mara nyingi hauna hata nafasi 1 ya utengamao. Chuo kikiongeza udahili bila nafasi hizo, kinawaandaa watu kwa ajili ya hospitali za binafsi mijini na nchi za nje. Wasaidizi nao wana hali mbaya zaidi, kwa kuwa katika sehemu nyingi hawana kada inayotambulika, hawana ngazi ya kupanda, hawana leseni. Mradi ukiisha, wanaisha nao.

Vyama vya wataalamu huogopa kwamba kada ya wasaidizi itazaa waganga wa mitaani wenye vyeti. Hofu hiyo ina msingi. Dawa yake ni kuandika mipaka ya kazi kwa vitenzi: anaweza kupima urefu wa fimbo, kusimamia zoezi lililoandikwa, kukagua ngozi, kufuatilia viatu vya mtoto, hawezi kuanzisha mpango, kubadili dozi kupita kiwango kilichowekwa, wala kumwachisha mgonjwa huduma. Kila jalada liwe na jina la mtaalamu anayewajibika. Sambamba na hilo, wataalamu wenyewe wafunguliwe mlango. Australia iliacha kuwataka wagonjwa wapate rufaa ya daktari kabla ya kumwona mfiziotherapia tangu mwaka 1976. Bado kuna mifumo inayomtaka mtu mwenye maumivu ya mgongo apange foleni kwa tabibu ili tu aandikiwe karatasi ya kupanga foleni nyingine. Ni saa mbili za watumishi zinazotumika kwa uamuzi mmoja.

Kuhusu vifaa hatuna mengi, kwa sababu si kikwazo kikubwa kama inavyodhaniwa. Chumba chenye sakafu isiyoteleza, kitanda cha tiba, mkeka, kiti chenye mikono, ngazi za hatua mbili au tatu, utepe wa kupimia, kipima nyuzi za viungo, uzi wa gramu 10 wa kupima hisia za nyayo, kipima oksijeni, na fimbo na magongo ya saizi mbalimbali. Mashine za umeme za kupasha moto misuli zinaweza kusubiri, na tungefurahi zikisubiri milele.

Daftari ndilo linalohitaji fikra. Rejesta nyingi zinahesabu vichwa na majina ya magonjwa, kwa hiyo mtu aliyehudhuria mara 20 bila kusonga mbele anaonekana kuwa mafanikio 20. Ongeza safu tatu tu: alichoshindwa kufanya siku ya kwanza, lengo walilokubaliana, na alichoweza siku ya kuachishwa. Kwa anayetembea, kipimo cha kuinuka kitini, kwenda mita 3, kugeuka na kurudi kukaa kinatosha. Akizidi sekunde 12 hivi, hatari ya kuanguka iwekwe katika mpango. Bila safu hizo msimamizi hana cha kusimamia, na wizara haitajua kama ilichonunua ni tiba au ni mahudhurio.

Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha Mei 2023 azimio la kuimarisha utengamao katika mifumo ya afya, ngazi ya msingi ikiwemo. Tamko la Alma-Ata la mwaka 1978 lilikuwa limekwisha kuutaja utengamao miongoni mwa huduma za afya ya msingi, sambamba na kinga na tiba. Maandishi hayajawahi kupungua. Wilaya inayotaka kuanza mwaka huu na ina fedha kidogo ibadili mpangilio wa matumizi: fungu la kwanza liende kwenye nafasi 1 ya kudumu ya mtaalamu, pamoja na nauli ya kumfikisha vituo vya pembeni, kabla ya mafunzo yoyote. Miezi mitatu ya mwanzo apime wagonjwa na kuandika orodha. Wasaidizi waajiriwe mwezi wa nne na wafundishwe kwa wagonjwa haohao, palepale kituoni, wakianza na kazi ambazo orodha inaonyesha kuwa nyingi. Vifaa viagizwe mwisho, kwa vipimo vya watu waliomo katika orodha, si kwa vipimo vya katalogi ya muuzaji.